Jumanne Zisizo na Kengele

Jumamosi, 6 Juni

Wamefika, na mzee kajigonga kichwa kabla hata hajavua koti. Boriti ya mlango wa jikoni nimeibandikia kibao, ANGALIA KICHWA, lakini wageni wote ni wale wale: husoma kibao, wakacheka, ndipo wakajigonga. Huyu alishika paji la uso akasema, "Samahani sana." Kama aliniomba radhi mimi au boriti, sikujua.

Ni Bwana na Bibi Oldroyd, Bernard na Nesta. Wamekichukua kijumba kwa kiangazi kizima, mpaka mwisho wa Agosti, jambo ambalo halijapata kunitokea tangu nianze kupangisha watu wa likizo. Kwa kawaida ni Jumamosi hadi Jumamosi: hawa wanatoka asubuhi, wale wanaingia jioni, na katikati hapo ni mimi, mashuka, ufagio na nywele za watu bafuni. Mwaka huu nitapumua.

Bibi ni mgonjwa. Sikuambiwa, nimeona. Mumewe alimpandisha ngazi polepole, akamkalisha kwenye kiti cha dirisha la juu, linalotazamana na mnara wa kanisa. Kichochoro chetu ni chembamba; ukinyoosha mkono unadhani utaugusa mnara wenyewe. "Hapa hapa," akasema Bibi. Nikawawekea chai, maziwa na keki ya limau niliyooka kwa mkono wangu. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Sikuuliza anaumwa nini. Hapa Wenbury hatuulizi.

Jumapili, 7 Juni

Mvua.

Jumanne, 9 Juni

Mazoezi ya kengele. Kengele zetu ni sita na sisi tuko sita kamili, kwa hiyo mmoja akipata mafua mnara mzima unaugua. Leo wote walikuwa wazima. Wilf Hanbury, nahodha wetu, aliyekuwa tarishi wa barua mpaka magoti yakamkataa, alianza na ukali wake wa kawaida: "Trevor, hiyo ni kamba, si mkia wa ng'ombe!" Lakini baadaye tulishikana vizuri, kila kengele ikiingia nafasi yake. Hatujapiga hivi tangu Pasaka. Nimerudi nyumbani na moyo mweupe.

Jumatano, 10 Juni

Moyo mweupe umedumu mpaka asubuhi tu. Nilikuwa nafagia mbele ya mlango wangu, ambao ni wa pili kutoka kijumba, Bwana Oldroyd akatoka na chupa tupu za maziwa.

"Mmelalaje, Bwana Oldroyd?"

"Vizuri, Bibi Tranter, vizuri sana. Zile kengele za jana..." Akatabasamu. "Nzuri mno. Hazikutusumbua hata kidogo."

Nikashika ufagio kwa nguvu. "Na Bibi je?"

"Nesta? Ah, Nesta hakupata usingizi kabisa. Huwa mnapiga kila Jumanne?"

"Kila Jumanne. Na Jumapili kabla ya ibada."

"Kila Jumanne," akarudia, akashusha pumzi ndefu. "Sawa kabisa. Sawa kabisa."

Mimi nimezaliwa hapa na lugha ya watu wangu naijua. Mtu ambaye hakusumbuliwa hasemi kwamba hakusumbuliwa. Jirani yangu wa zamani aliniambia kwa miaka kwamba mbwa wangu hamsumbui hata kidogo, na wiki aliyokufa mbwa, jirani alipaka rangi sebule yake na kualika watu. Na "sawa kabisa" mara mbili mfululizo, hicho ni kilio. Mama wa watu mgonjwa, mumewe ana adabu mno hawezi kulalamika, nami ndiye niliyeandika kwenye tangazo kwamba nyumba ni tulivu. Nimeona haya siku nzima.

Alhamisi, 11 Juni

Nimekwenda kwa Wilf bustanini kwake, kuomba mazoezi yahamie kwingine. Amekataa.

Jumanne, 16 Juni

Leo tumegombana, na ni ugomvi wa kuandikwa.

Nilisimama mbele ya wenzangu chini ya kamba, nikasema nina mgeni mgonjwa mkabala na mnara, na naomba mazoezi yahamie kwenye kanisa la Thorley mpaka Agosti iishe. Wilf akacheka.

"Kengele hizi zilikuwa zinalia kabla kijumba chako hakijapata paa," akasema. "Asiyezipenda ahame yeye. Kakulalamikia?"

"Hapana. Kasema ni nzuri."

"Kasema ni nzuri! Sasa tatizo liko wapi, mama?"

"Tatizo ni namna alivyosema."

Gillian, daktari wa mifugo anayepiga kengele ya kwanza, akaitikia kwa kichwa. "Alisema hazimsumbui?"

"Hata kidogo."

"Maskini," akasema Gillian. Trevor naye akavuta midomo. Wote walielewa, isipokuwa Wilf, ambaye miaka ya kung'atwa na mbwa wa watu imemwondolea masikio ya adabu.

"Nakwambia, Daphne," akasema, "kile kijumba kilikuwa na wapiga kengele wawili ndani. Jess na mumewe. Vijana, wanalala humo mwaka mzima, wanakuja mnarani na viatu vya ndani. Ukawatoa, ukaweka mito ya maua. Leo unataka kuzitoa na kengele pia?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia nyumba ni ya marehemu mama yangu na nitaweka humo mito ninayotaka. Tukapiga kura, wakawa upande wangu. Wilf hakubishana tena. Alizifunga kamba zote pamoja, akazivuta juu darini, akachukua ufunguo wa mnara.

"Jumapili pia basi," akasema mlangoni. "Mtu anayeuawa na Jumanne, Jumapili haitamponya."

Jumatano, 17 Juni

Mkaguzi wa majumba ya kale kapita. Anasema kijani cha mlango wangu si kijani cha kihistoria. Nikamuuliza kijani cha kihistoria kikoje, akasema ni kama changu, ila kimechoka zaidi.

Jumapili, 21 Juni

Mara ya kwanza maishani mwangu nimeingia kanisani bila kengele. Watu tuliketi kama waliofika nyumba isiyo na mwenyewe. Kasisi, ambaye ana makanisa matatu na gari moja bovu, aliuliza kuna nini. Nikasema ni mambo ya kamba. Mambo ya wageni wangu huwa siyatangazi kwa mtu, hata majina yao. Nyumba ya kupangisha inataka mdomo uliofungwa.

Jumanne, 23 Juni

Thorley, mazoezi. Kengele zao zina sauti ya masufuria. Wilf hakuja.

Alhamisi, 25 Juni

Jua kali. Bwana Oldroyd alikuwa anamwagilia maua ya mlangoni. Akasema, "Kimya sana hapa." Nikasema, "Ndiyo, kimya." Sikumwambia ni kazi ya nani. Ukimfanyia mtu wema ukamwambia, umemtwisha mzigo. Nilirudi ndani najiona nimetoa sadaka ya siri.

Jumanne, 30 Juni

Mvua ya mawe. Bwana Oldroyd alisimama dirishani na mkewe jioni yote, wakitazama mnara kama watu wanaosubiri basi.

Jumamosi, 4 Julai

Nimebadilisha mashuka ya chumba cha chini. Bwana Oldroyd akanifuata jikoni, akaanza kukausha vikombe ambavyo tayari vilikuwa vikavu.

"Bibi Tranter, ule mnara... uko salama?"

"Salama kabisa, Bwana Oldroyd. Hauanguki."

"La, la, sikuwa na maana hiyo. Yaani hakuna matengenezo yanayoendelea?"

"Hakuna kabisa. Msiwe na wasiwasi wa makelele."

"Ah," akasema, akakirudisha kikombe kabatini. "Vizuri sana."

Sasa anaogopa mafundi! Watu wengine hata uwape dunia nzima ikiwa kimya wataogopa punje ikidondoka. Nitasema hapa kwa kuwa hakuna asomaye: wameanza kunichosha. Neno la asante kuhusu utulivu hawajatoa, hata kwa mzunguko. Na kadiri ninavyowatunza ndivyo mzee anavyozidi kununa.

Jumanne, 7 Julai

Sikwenda Thorley. Nilikaa nyumbani, na saa ya mazoezi, moja na nusu, ilipofika mikono ikaanza kunywea kwa kukosa kamba. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimepanga sahani zote upya.

Ijumaa, 10 Julai

Nilikutana na Wilf kwa mwoka mikate. Alinunua mkate wake, nikanunua wangu. Hatukusemezana.

Jumanne, 14 Julai

Muuguzi wa wilaya sasa anakuja kila siku. Gari lake linaziba kichochoro na hakuna anayepiga honi.

Jumamosi, 18 Julai

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye mashuka.

Bwana Oldroyd alikuwa chini anasubiri yai lichemke. Nilipanda juu kimya kimya na mashuka safi, nikijua Bibi amesinzia. Alikuwa amesinzia kweli, kitini, blanketi magotini. Lakini mikono yake ilikuwa inakwenda.

Ilipanda pamoja, ikashuka. Ikatulia kidogo, ikapanda tena mpaka juu ya kichwa, vidole vimefungwa, ikashuka polepole hadi kiunoni. Midomo nayo ilikuwa ikihesabu. Nilisimama na mashuka yangu kifuani. Mtu mwingine yeyote angedhani ni homa. Mimi mikono ile naijua, kwa sababu ni yangu: mpigo wa kwenda unashika kishada cha sufu kilichofumwa kwenye kamba, mpigo wa kurudi unashika ncha ya kamba. Yule mama alikuwa anapiga kengele usingizini, na alikuwa anazipiga vizuri kuliko mimi.

Shuka likanidondoka. Akafumbua macho.

"Wewe ndiye Daphne," akasema. "Keki zako nzuri, ila unazidisha limau. Kaa hapo. Niambie ukweli, maana mume wangu ananificha. Wamekufa?"

"Nani, Bibi?"

"Wapiga kengele."

"Hapana! Wazima wote."

"Sasa wana nini? Tumefika, Jumanne ya kwanza wakapiga vizuri, nikakesha kwa furaha kama msichana. Jumapili wakapiga tena, kisha kimya. Sijaja hapa kutazama mawe. Nilizaliwa hapo chini, Mtaa wa Ngano. Nesta Preece. Nilipiga kengele ya nne katika mnara huo tangu nina miaka kumi na mbili mpaka nilipoolewa. Daktari aliponiambia nichague pa kukaa, nilichagua dirisha hili. Kwa ajili ya kengele, binti, si kwa ajili ya mito yako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimweleza yote, kura, Thorley, kamba zilizofungwa, na sauti yangu ilizidi kuwa ndogo.

"Lakini Bernard alikwambia ni nzuri," akasema.

"Alisema ni nzuri. Ndiyo maana nikajua hamzipendi."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika nikamshikia glasi ya maji. "Ningekuwa na nguvu," akasema, "ningekutupia hicho kiti."

"Mbona hamkusema kwamba wewe ni wa hapa?"

"Nikisema, mngekuja na keki wote. Na nyuso za huruma. Sikutaka kusumbua."

Mlango ulikuwa wazi. Bwana Oldroyd alikuwa amesimama ngazini na sinia, yai limepoa, mzee kapauka. "Nilidhani nikiuliza," akasema, "itaonekana ninalalamika."

"Wiki tano, Bernard," akasema mkewe. Hakuwa anacheka tena. "Wiki tano, na sina nyingi. Kuuliza si ujinga, mume wangu."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliuma. Niliacha mashuka sakafuni nikatoka mbio, mimi mwenye nyonga ya bandia, mpaka bustanini kwa Wilf.

Alikuwa anafunga maharage kwenye vijiti. Hakugeuka. "Kama ni mito," akasema, "sina haja."

"Wilf, nilikosea. Mgeni wangu hataki kimya. Anataka kengele, na anakufa, na jina lake ni Nesta Preece."

Uzi ukamtoka mkononi.

"Nesta Preece," akasema. "Wa Mtaa wa Ngano? Aliyesema nina mikono ya muuza samaki?"

"Hilo hakulitaja."

"Tulijifunza pamoja. Nilimpita kwa mwaka mmoja na yeye akanipita kwa kila kitu." Akaketi kwenye ndoo yake iliyopinduliwa. "Na yuko hapo juu tangu Juni? Nimepita chini ya dirisha lake kila siku kwenda kununua mkate."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimestahili, na ningemshukuru. Badala yake aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa mnara. Alikuwa anatembea nao siku zote.

Jumapili, 19 Julai

Ilibidi nimwombe radhi kila mmoja, nyumba kwa nyumba. Gillian alicheka. Trevor hakucheka. Anasema Thorley wanamheshimu, wamempa kengele kubwa, na hataburutwa kama toroli huku na huko. Basi tumebaki watano.

Jumanne, 21 Julai

Gillian kaitwa kwa ng'ombe anayeshindwa kuzaa. Wanne. Hakuna kitu cha maana unachoweza kupiga na wanne kwenye kengele sita, Wilf amesema, na hatamwaibisha Nesta Preece kwa kelele za gari la aiskrimu. Nikapanda kumwambia. Alikuwa kitandani, si kitini. "Jumanne ijayo basi," akasema, akageukia dirisha.

Alhamisi, 23 Julai

Muuguzi alikaa muda mrefu. Alipotoka nilimuuliza. Ndiyo, mimi, barabarani, nilimuuliza waziwazi: ana muda gani? Alishangaa kidogo. Akasema ni siku za kuhesabika, labda wiki chache, na tusimwache peke yake.

Ijumaa, 24 Julai

Nimempigia simu Jess. Kwa miaka mitatu nilikuwa nampa kadi ya Krismasi tu. Sasa wanaishi mjini, ghorofa ya nne, hakuna mnara karibu. Nilikuwa na maneno mengi ya kuzunguka, nikayaacha.

"Jess, nahitaji mpigaji wa sita. Na najua nilikutoeni humu, kwa hiyo ukikataa nitaelewa."

Akasema, "Nina mtoto wa miezi saba, Daphne."

"Mlete."

"Atalia mnarani."

"Kuna mtu hapa atampakata."

Akafikiri. "Unajua nilikuchukia?"

"Sikujua," nikasema. "Uliniambia mmepata sehemu nzuri zaidi."

"Ndiyo, nilisema hivyo," akasema Jess, na tukacheka wote wawili, ingawa si sana. Atakuja.

Jumanne, 28 Julai

Tumepiga.

Jua lilitoka baada ya mvua ya siku mbili. Jess alifika, akamweka mtoto mikononi mwa Bwana Oldroyd, na yule mzee akapanda naye ngazi, ameinama, mkono mmoja juu ya kichwa cha mtoto. Bibi aliomba awekwe kitini. Dirisha likafunguliwa mpaka mwisho.

Wilf alivaa tai. Alituangalia mmoja mmoja kwenye duara la kamba, akasema, "Msipige kwa huruma. Atajua." Tukapiga robo tatu za saa. Sikumbuki mengi, nakumbuka jasho, na Wilf akiita zamu.

Tulipotoka, Bwana Oldroyd alikuwa tayari kwenye uwanja wa makaburi, mtoto begani. Tukamzunguka. Nilitarajia machozi, nilitarajia asante.

"Nesta anawashukuru," akasema, akiwa amekunja uso kama anayekumbuka ujumbe wa dukani. "Anasema kengele ya tatu inachelewa. Kwenye mpigo wa kurudi."

Ya tatu ni yangu.

"Alisema hivyo?"

"Alisema nisisahau: mpigo wa kurudi." Akasogea karibu, uso mwekundu. "Mimi ningesema zilikuwa nzuri tu, lakini amenikataza kusema hivyo tena."

Wilf alicheka mpaka akaketi juu ya kaburi la watu. Mimi nilienda nyumbani nimenuna, nikanywa chai nimenuna, kisha nikaanza kulia kwa furaha, peke yangu jikoni, mwanamke wa miaka sitini na saba.

Jumapili, 2 Agosti

Tumepiga kabla ya ibada. Ujumbe kutoka dirishani: ya tatu bado.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimefunga kamba ya nguo kwenye boriti ya chumbani na kufanya mazoezi ya mpigo wa kurudi. Bwana wa posta aliniona kupitia dirishani. Nadhani ataleta mtu wa kuniokoa.

Jumanne, 4 Agosti

Nesta ameniita kabla ya mazoezi. Siku hizi namwita Nesta, na Bernard namwita Bernard. Alikuwa kitandani, mito mitatu mgongoni. Alinishika viganja, vyake vimekauka na vyepesi.

"Unasubiri kusikia," akasema. "Hapo ndipo unapochelewa. Ukisubiri kuisikia iliyo mbele yako ndipo uvute, umeshachelewa. Vuta ukiona kamba yake inashuka. Tumia macho, Daphne. Masikio yamekuponza kiangazi kizima."

Nikamwambia hilo nalikubali bila rufaa.

Baada ya kupiga, Bernard alishuka na ujumbe: ya tatu afadhali, na nahodha anakimbilia wapi? Wilf akawa mwekundu shingoni. "Mwambie nilikuwa na mikono ya muuza samaki tangu zamani!" Bernard akapanda kumwambia. Tukasikia kicheko kupitia dirishani, kidogo, kikafuatwa na kikohozi.

Jumamosi, 8 Agosti

Wilf amemletea maharage. Alikaa juu nusu saa. Aliposhuka alijigonga kichwa, akatukana, akaniambia Jess na mumewe wameuliza kama wapo wanaopangisha kwa mwaka mzima. Nikasema nimesikia.

Jumanne, 11 Agosti

Ukungu. Nesta hakutolewa kitandani. Tulisogeza kitanda dirishani, Bernard, muuguzi na mimi. Hakuweza kusema sana. Baada ya kupiga, Bernard alishuka peke yake, hatua moja moja.

"Nilimuuliza ya tatu je," akasema. "Alifanya hivi." Akainua kiganja, akakitikisa: nusu nusu.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimempigia Jess. Kijumba ni chao kuanzia Oktoba. Mito ya maua nitaihamishia kwangu.

Jumapili, 16 Agosti

Nesta amefariki leo alfajiri. Bernard alikuwa naye, nami nilikuwa chini nachemsha maji. Alishuka, akasimama kati ya jikoni na sebule, akasema, "Samahani kukusumbua." Nilimkumbatia. Hatukuwahi kukumbatiana, na hakuna aliyejua aweke mikono wapi, lakini tulikaa hivyo.

Jumanne, 18 Agosti

Mchana Wilf na mimi tulipanda juu kabisa ya mnara, mimi na nyonga yangu, yeye na magoti yake, tukafunga ngozi upande mmoja wa kila ulimi wa kengele. Ndivyo tunavyompigia aliyekufa: mpigo wa kwenda unalia wazi, wa kurudi unalia kwa mbali, kama kengele nyingine ng'ambo ya vilima. Trevor alikuja bila kuitwa. Alisimama mlangoni mpaka Wilf akamwonyesha kamba kwa kidevu, na Jess akampisha.

Tulipiga saa nzima. Nilitazama kamba iliyo mbele yangu ikishuka, nikavuta, na sikusubiri kusikia chochote. Tulipozisimamisha, Wilf alibaki ameshika kishada chake. "Daphne," akasema, "leo kila mpigo wako umeingia mahali pake." Ni mara ya kwanza kunisifu tangu nimjue, na alisema huku anatazama sakafu.

Bernard hakuwa dirishani. Alikuwa kwenye benchi la lango la kanisa, koti limefungwa vifungo vyote. Nikakaa kando yake.

"Zilikuwa nzuri," akasema. Halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Ukweli ni kwamba sijui. Miaka yote ya ndoa yetu nimekaa nje ya minara nikimsubiri, na sijawahi kutofautisha upigaji mzuri na mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa ananiambia nimesikia nini." Akageuka akanitazama usoni, jambo ambalo si kawaida yake. "Ulichelewa?"

"Sikuchelewa, Bernard. Hata mara moja."

Uso wake ukafunguka. Aliinuka upesi, mkono mmoja kwenye mgongo wa benchi, akapiga hatua mbili kuelekea kijumba, kwenye ngazi, kama mtu anayewahi kupeleka habari. Kisha akasimama. Alisimama hapo kwa muda, akarudi akaketi, nami nikamshika mkono.